Steringi Hafi? Tafakari Nyepesi juu ya Filamu za Mashujaa wa Ajabu

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anaijua sheria moja ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayowaka moto, lakini mtazamaji anaendelea kutafuna karanga zake bila wasiwasi. Nauli na kiingilio vimelipwa kwa ajili ya steringi, na steringi hafi.

Ndiyo maana Aprili 2018 ilikuwa mwezi mgumu kwetu sisi wapenzi wa filamu za mashujaa. Mwezi huo ilitoka Avengers: Infinity War. Katika filamu hiyo jitu liitwalo Thanos linapiga kidole, na nusu ya viumbe hai wa ulimwengu wote wanageuka vumbi, Spider-Man na Black Panther wakiwemo. Filamu ikaishia hapo. Watu wakatoka kimya kama wanaotoka msibani.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza maswali, mengine ya mzaha na mengine si ya mzaha hata kidogo. Katika makala haya tunataka kueleza mashujaa hawa walitoka wapi, kwa nini wanapendwa, na ni jambo gani zito limejificha chini ya yale majoho ya rangi rangi. Kwa wale wanaodhani mambo haya ni ya watoto, tunaomba subira kidogo. Hata mifano mizuri ya hekima mara nyingi huanza kama hadithi ya sungura na fisi.

1. Walikotoka

Baba wa mashujaa wote hawa ni Superman. Alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Wote wawili walikuwa watoto wa familia za Wayahudi waliohamia Amerika, na walikua katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu wakipoteza kazi na akiba zao. Superman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika toleo la kwanza la jarida la katuni la Action Comics. Tazama jinsi hadithi yake inavyofanana na maisha ya watungaji wake: mtoto anatoka nchi iliyoangamia, analelewa ugenini, anaficha asili yake, na hatimaye anakuwa msaada kwa nchi iliyompokea. Ni ndoto ya mhamiaji iliyovalishwa joho jekundu.

Hapo hapo mwanzoni kuna jambo la kusikitisha. Vijana hao waliuza haki zao zote juu ya Superman kwa dola 130. Shujaa wao akaingiza mamilioni, wao wakazeeka katika shida. Shuster alifikia hatua ya karibu kupoteza uwezo wa kuona. Ni mwaka 1975 tu, baada ya kelele nyingi za umma, ndipo wamiliki walipokubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Shujaa aliyepigania wanyonge alitengenezwa na wanyonge ambao hakuna aliyewapigania kwa muda mrefu. Tukisoma mafundisho juu ya ujira wa haki, mfano huu haukosi kutujia kichwani.

Baada ya Superman wakafuata wengine haraka haraka. Batman alitokea 1939, Wonder Woman 1941. Katika kipindi hicho hicho alitoka Captain America, na jalada la toleo lake la kwanza lilimwonyesha akimtandika Hitler ngumi ya taya, miezi kadhaa kabla Marekani yenyewe haijaingia vitani. Watungaji wake, Joe Simon na Jack Kirby, nao walikuwa Wayahudi. Kwao ngumi ile ilikuwa mbali na mzaha.

Kisha mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko wakaleta jambo jipya: Spider-Man. Huyu hakuwa mwana wa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwanafunzi yatima anayelelewa na mjomba na shangazi, mwenye miwani, anayechekwa shuleni na asiye na hela. Baada ya kupata nguvu zake alimwacha mwizi apite mbele yake, kwa kuwa aliona halimhusu. Mwizi yule yule akaja kumuua mjomba wake. Kwa hiyo kosa lililomfanya Spider-Man awe shujaa ni lile tunaloliungama mwanzoni mwa Misa pamoja na mawazo, maneno na vitendo: kutotimiza wajibu. Hakumpiga mtu, hakuiba. Alisogea pembeni tu. Ni mara chache kitabu cha katuni kimeeleza jambo hilo kwa wepesi namna hiyo.

2. Joho, miwani na fizikia

Sasa tuingie kwenye maswali yanayozua ubishi mezani. La kwanza: kwa nini Superman amevaa nguo ya ndani juu ya suruali? Jibu si siri. Mchoraji alifuata mavazi ya wanyanyua vyuma wa kwenye sarakasi za wakati ule, ambao walivaa kaptula fupi juu ya nguo ya kubana. Mtoto wa 1938 akimwona aliyevaa hivyo alielewa mara moja: huyu ni mtu wa nguvu. Sisi tulioikuta picha bila sarakasi yake tunabaki kucheka.

La pili: joho lina faida gani? Mbunifu wa mavazi katika filamu ya The Incredibles ya mwaka 2004, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, aliwapiga marufuku wateja wake wasivae majoho kabisa, akiwahesabia mashujaa walionaswa na majoho yao kwenye injini za ndege na roketi. Sisi tuvaao kanzu tunamuunga mkono. Yeyote aliyewahi kukimbilia kengele ya masifu ya asubuhi akiwa ndani ya kanzu, huku ngazi zikiwa mbele yake, anajua kwamba vazi refu na haraka havipatani.

La tatu ni la fizikia. Katika filamu ya Superman ya mwaka 1978, Lois Lane anaanguka kutoka ghorofani na Superman anaruka kumdaka. Watu wanashangilia. Lakini tupige hesabu. Mtu akianguka mita 100, anafika chini akiwa na mwendo wa takribani kilomita 160 kwa saa, tukiacha kizuizi cha hewa. Kinachoua si kule kuanguka. Ni kule kusimama ghafla. Kudakwa na mikono migumu kama chuma ni sawa tu na kudakwa na lami. Ili apone, lazima mdakaji ashuke pamoja naye na kupunguza mwendo polepole.

Watungaji wa Spider-Man waliikumbuka hesabu hiyo mwaka 1973. Katika toleo la 121 la jarida lake, mpenzi wake Gwen Stacy anarushwa kutoka darajani. Spider-Man anamnasa kwa utando, anamvuta juu akifurahi, kumbe binti amekwisha kufa. Wasomaji hawakuamini. Hapo ndipo walipojifunza kwamba nia njema na nguvu nyingi havitoshi. Inahitajika pia busara ya kujua namna ya kusaidia. Ni wangapi tumewahi kumvuta mtu kwa nguvu tukidhani tunamwokoa?

3. Mtafsiri na wanaobaki mwisho

Huko Marekani filamu hizi zina utamaduni wake: mavazi ya kuigiza, mikutano ya mashabiki, ubishi usiokwisha. Huku kwetu nazo zilikutana na utamaduni wetu, na aliyezipokea ni mtafsiri. Tanzania ilimfahamu Lufufu, Kenya inamfahamu DJ Afro, na Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Sauti ya mtafsiri inapanda juu ya sauti ya waigizaji, na kazi yake inazidi kutafsiri: anaeleza, anaonya, anatania, anampa jambazi jina la mtaani, anatia methali pale ambapo mwandishi wa Hollywood hakuwa nayo. Mtu anaweza kuitazama filamu ile ile mara mbili, kwa watafsiri wawili, akatoka na hadithi mbili.

Tunaosomea kuhubiri tuna la kujifunza hapo. Mtafsiri mzuri anajua filamu, lakini pia anawajua watu wa kwenye benchi: nani amechoka na kazi, nani hajui Kiingereza, ni utani gani utamwamsha aliyelala. Asiyewajua watu wake atasema maneno sahihi kwa benchi tupu. Hatari yake nayo tunaijua: mtafsiri akijipenda mno, watu wanamkumbuka yeye na kuisahau filamu.

Kuna desturi nyingine iliyoenezwa na Iron Man mwaka 2008. Filamu imekwisha, majina ya waigizaji na mafundi yanapanda, na watu wanaondoka. Waliobaki hadi jina la mwisho walizawadiwa kipande kifupi ambamo Nick Fury, aliyeigizwa na Samuel L. Jackson, anadokeza kuwa kuna mashujaa wengine. Tangu hapo mashabiki wa filamu za Marvel hawatoki mapema. Wanakaa gizani wakisoma majina ya mamia ya wachoraji, mafundi umeme na wapishi, ilimradi wasikose kile kipande. Tukifikiria wale waumini wanaopokea Komunyo na kupitiliza moja kwa moja hadi kituo cha basi bila kungoja baraka, tunatamani wangekuwa mashabiki wa Marvel.

4. Hesabu ya Thanos

Turudi kwa yule jitu. Thanos si jambazi wa kawaida. Hataki fedha wala kiti. Ana hoja. Anasema viumbe ni wengi, rasilimali ni chache, na njaa inakuja. Dawa yake: ondoa nusu kwa bahati nasibu, tajiri kwa maskini bila upendeleo, na nusu itakayobaki itashiba. Baada ya filamu kulikuwa na watu, tena wenye akili zao, waliosema kwamba kwa kweli jitu lina hoja.

Hoja hiyo ni ya zamani kuliko sinema. Mwaka 1798 Thomas Malthus, kasisi wa Kianglikana nchini Uingereza, aliandika kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Wakati ule dunia nzima ilikuwa na watu wapatao bilioni moja. Mwaka 2022 tulivuka bilioni nane.

Tuipime dawa ya Thanos kwa hesabu ya darasa la saba. Mwaka 2018 dunia ilikuwa na watu wapatao bilioni 7.6. Nusu yake ni bilioni 3.8. Dunia ilikuwa na idadi hiyo lini? Mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tuilete nyumbani: sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Tukiondoa nusu, wanabaki karibu milioni 31, na sensa ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kuhesabu milioni 34.4. Maana yake ni kwamba baada ya kilio kisichoelezeka, baada ya kila nyumba kubaki na nusu ya watu wake, nchi ingekuwa imerudi miaka ishirini na kidogo nyuma tu. Thanos angelazimika kupiga kidole tena kila kizazi, kama mtu anayepalilia shamba.

Kisha kuna kasoro nyingine. Kila anayezaliwa huja na mdomo mmoja na mikono miwili. Thanos aliihesabu midomo akaisahau mikono. Akiondoa nusu ya walaji ameondoa pia nusu ya wakulima, wakunga, madereva wa malori ya mahindi na walimu. Na kwa kuwa kipigo chake kilihusu viumbe hai wote, ng'ombe na nyuki nao wanapungua. Sahani ni nusu, chungu nacho ni nusu.

Lakini tuseme hesabu yake ingekuwa sahihi kabisa. Je, angekuwa na haki? Hapa mzaha unaisha. Kasoro kubwa ya Thanos haimo kwenye kujumlisha na kutoa. Amewaona watu kama magunia ghalani: ukitoa matano, yanabaki matano, na gunia moja ni sawa na jingine. Lakini mama aliyepoteza mtoto mmoja kati ya wawili hasemi amebakiwa na asilimia hamsini.

5. Ukingo mmoja, vifo viwili

Watengenezaji wa filamu hizi walieleza tofauti hiyo kwa namna ambayo mwalimu wa maadili angeionea wivu. Kuna sayari iitwayo Vormir, na huko kuna ukingo wa genge. Anayetaka jiwe la roho lazima atoe uhai wa mtu anayempenda. Katika Infinity War, Thanos anafika hapo na binti yake wa kulea, Gamora. Analia machozi ya kweli, kisha anamtupa. Anapata jiwe.

Katika filamu iliyofuata, Avengers: Endgame ya mwaka 2019, marafiki wawili wanafika kwenye ukingo ule ule, Black Widow na Hawkeye. Nao wanalihitaji jiwe, ili kuwarudisha waliopotea. Wanapigana kweli kweli, lakini kila mmoja anapigania awe yeye wa kuruka ili mwenzake apone. Mwishowe Black Widow anashinda mapambano hayo, na kushinda kwake ni kufa.

Genge ni lile lile, jiwe ni lile lile, na idadi ya waliokufa ni ile ile: mmoja. Anayehesabu magunia ataona matukio mawili yanayofanana. Asiye kipofu anaona kwamba moja ni uuaji na jingine ni upendo. Tendo la Thanos liliitwa sadaka, na hata alilia. Lakini alichotoa hakikuwa chake. Machozi hayakigeuzi cha mtu mwingine kuwa chako. Aliyewahi kutafakari maneno ya Kayafa, kwamba inafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya wengi, na kisha akamtazama yule Mmoja aliyejitoa mwenyewe, anazijua tayari njia hizi mbili. Kayafa alikuwa akitoa uhai wa mwingine.

The Dark Knight ya mwaka 2008 inaleta swali hilo hilo kwa sura ya kawaida zaidi. Joker ametega mabomu kwenye meli mbili. Moja ina raia wa kawaida, nyingine ina wafungwa. Kila meli imepewa kifaa cha kulipua meli nyingine, na isipofanya hivyo kabla ya usiku wa manane, zote mbili zitalipuliwa. Raia wema wanapiga kura, na wengi wanachagua kuwalipua wafungwa. Demokrasia imesema. Lakini anapotafutwa wa kubonyeza, hapatikani mwenye mkono wa kufanya hivyo. Kwenye meli ya pili mfungwa mmoja mkubwa, mwenye sura ya kutisha, anaomba kifaa kutoka kwa mlinzi aliyeingiwa na hofu, anakipokea, na kukitupa dirishani majini.

Tunalipenda tukio hilo kwa sababu hakuna shujaa wa ajabu ndani yake. Hakuna aliyeruka wala kurusha utando. Kuna dhamiri tu, na imepatikana kwa yule ambaye hakuna aliyetarajia.

6. Wakanda na swali la Killmonger

Hatuwezi kuacha kuizungumzia Black Panther, filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018. Shujaa wake alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, lakini ni filamu hii iliyomfikisha kila kijiji. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kupata tuzo tatu za Oscar, mojawapo ya mavazi, iliyokwenda kwa Ruth E. Carter.

Ukanda wetu una haki ya kujivuna kidogo. Lupita Nyong'o ni Mkenya, na Februari 2018 ilifanyika hafla ya uzinduzi wa filamu hiyo Kisumu, alikotoka ukoo wake. Florence Kasumba, yule mlinzi mkali wa mfalme, alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya ni mtoto wa wazazi kutoka Uganda. Na Wakanda yenyewe imechorwa Afrika Mashariki, si mbali na Ziwa Turkana. Hata hivyo Wawakanda wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini. Jinsi lugha hiyo ilivyosafiri hadi Turkana bila kuacha neno hata moja njiani, hilo tunawaachia wanaisimu.

Tuna swali jingine la kichokozi: nchi yenye treni zinazoelea hewani inamchagua mfalme wake kwa kupigana mieleka kwenye maporomoko ya maji. Hakukuwa na njia nyingine?

Lakini swali kubwa la filamu linaulizwa na adui, Killmonger. Wakanda ina madini ya vibranium, ina dawa, ina silaha, na kwa karne nyingi imejificha nyuma ya mwonekano wa umaskini. Watu wa rangi yao wakauzwa utumwani, wakatawaliwa, wakanyanyaswa, na Wakanda ikakaa kimya ili isijulikane. Killmonger anauliza: mlikuwa wapi? Njia anayoitaka ni ya damu na kisasi, na filamu inaikataa. Swali lake lenyewe haikuweza kulikataa. Mfalme T'Challa anawageukia mababu zake na kuwaambia kwamba walikosea, na mwishoni anafungua milango ya nchi yake.

Sisi tunaoishi karibu na Congo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, tunaitazama Wakanda kwa macho mawili. Jicho moja linaona ndoto: nchi ya Kiafrika ambayo madini yake yalibaki mikononi mwa watu wake. Jicho la pili linaona onyo: hata ukiyalinda madini yako vizuri, unaweza kuwa tajiri asiyemwona Lazaro mlangoni. Kosa la Wakanda ni lile lile la Spider-Man kijana. Ilisogea pembeni.

7. Mashujaa na sala

Wengine hushangaa wakisikia kwamba kuna mashujaa Wakatoliki. Daredevil, mwanasheria kipofu wa New York, ni Mkatoliki, na mfululizo wa runinga wa mwaka 2015 unamtambulisha akiwa ukubwani ndani ya kiti cha maungamo. Nightcrawler wa X-Men ana sura ya shetani, ngozi ya bluu na mkia. Lakini katika filamu ya X2 ya mwaka 2003 ndiye anayeshika rozari. Watu wanaomkimbia kwa sababu ya sura hawajui kwamba wanamkimbia mtu wa sala.

Na katika Man of Steel ya mwaka 2013, Superman anaingia kanisani kumwomba padre ushauri kabla ya kujitoa kwa maadui, na nyuma ya kichwa chake dirisha la vioo linaonyesha Yesu akisali Gethsemane. Filamu inataja pia kwamba ana miaka 33. Hapo tuseme kwa upole: mwongozaji angeweza kuacha tukagundua wenyewe. Tena ulinganisho huo haufiki mbali. Superman anawaokoa watu kwa sababu risasi hazimwingii. Yule wa Gethsemane misumari ilimwingia.

8. Wanaopinga

Mwaka 2019 mwongozaji mashuhuri Martin Scorsese, ambaye ujanani aliwahi kusoma seminari ndogo huko New York, alisema kwamba filamu za Marvel si sinema. Alizilinganisha na bustani za michezo. Mashabiki walikasirika. Sisi tunadhani mzee hakukosea yote. Alilalamika kwamba ndani yake hakuna hatari ya kweli, na hapo amegusa kidonda. Spider-Man na Black Panther waliogeuka vumbi mwaka 2018 walirudi mwaka 2019, na filamu iliyowarudisha iliingiza karibu dola bilioni 2.8. Kifo kikiwa mlango wa kutokea na kuingia, machozi yetu yanakuwa bei ya tiketi tu. Tuongeze na hili: katika filamu nyingi za aina hii, kila tatizo mwishowe linamalizwa kwa ngumi, na miji mizima inabomoka bila mtu kuuliza nani atawajengea wenye nyumba.

Hayo yote ni kweli. Lakini yamo pia yale tuliyoyaeleza hapo juu: genge la Vormir, mfungwa wa kwenye meli, swali la Killmonger. Pepeto linajua kazi yake. Hatuchomi mpunga kwa sababu ya makapi.

Hitimisho: steringi anapokufa

Mwigizaji aliyetufanya tuamini kwamba mtu anaweza kuruka, Christopher Reeve, alianguka kutoka kwenye farasi mwezi Mei 1995 akapooza kuanzia shingoni. Hakuweza kupumua bila mashine. Kwa miaka tisa aliyobaki nayo alitumia jina lake kutafuta fedha na kusukuma utafiti kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo. Chadwick Boseman, mfalme wetu wa Wakanda, aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016. Hakuitangaza. Aliigiza Black Panther na filamu nyingine kadhaa kati ya matibabu, na dunia ilijua siku alipofariki, Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43.

Kwa hao wawili hakukuwa na mtu wa kupiga kidole na kuwarudisha. Ndiyo maana, tukitaka kujua ushujaa ni nini, tunamtazama Reeve kwenye kiti cha magurudumu zaidi ya Reeve angani. Sheria ya kibandani inasema steringi hafi. Maisha yanasema anakufa, na yanatuuliza alikuwa anafanya nini wakati bado yupo.

Basi, ndugu msomaji, jioni utakapoketi na wenzako kutazama, cheka, shangilia, bisha kuhusu joho. Majina yakianza kupanda, kabla ya kusimama, ulizaneni mambo matatu. Nani katika hadithi hii alitoa kilicho chake, na nani alitoa cha mwenzake? Nani alikuwa na uwezo akasogea pembeni? Na ni nani alitenda jema bila nguvu zozote za ajabu? Mkiyajibu hayo, jioni yenu haikupotea. Kisha bakini kidogo mpaka skrini iwe nyeusi kabisa. Huenda kuna kipande cha mwisho.